Vifaa 43, mti mmoja: kuchora mchoro wa mti usiojipinga

Swali: Nimepewa kazi ya kupanga vifaa vya karakana na kuvionyesha kwa mchoro wa mti, ili mgeni akiutazama ajue kila kifaa ni cha kundi gani. Vifaa viko 43. Nimechora mara tatu na mara zote tatu nimechana karatasi: kwanza mistari ilivukana, mara ya pili shoka likataka kukaa sehemu mbili, mara ya tatu upana wa karatasi haukutosha. Mwenzangu anasema mchoro wa mti ni wa ukoo na wa sarufi tu, si wa vifaa. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba mti wangu umekaa sawa?

Jibu: Tuanze na mwenzako. Mchoro wa mti hauchagui mada. Mwaka 1837 Charles Darwin alichora mmoja kwenye daftari lake kuonyesha spishi zinavyochipuka kutoka kwa spishi nyingine, na mwaka 1857 Arthur Cayley, mwanahisabati wa Uingereza, aliuandikia mti kama umbo la hisabati tupu. Sharti la mti ni moja tu: kila kitu, isipokuwa kile cha juu kabisa, kiwe chini ya kitu kimoja, si viwili. Vifaa vyako vinaweza kutimiza sharti hilo. Tena ukoo, ambao mwenzako anautolea mfano, hautimizi vizuri, nitaurudia mbele.

Majina tutakayotumia ni haya. Cha juu kabisa ni mzizi, maana mti huu umepinduliwa, mzizi juu na majani chini. Kila mahali palipoandikwa jina ni kifundo. Kifundo kilicho juu ya kingine ni mzazi wake. Vinavyoning'inia chini ni watoto. Watoto wa mzazi mmoja ni ndugu. Na kifundo kisicho na mtoto ni jani. Vifaa vyako 43 ni majani. Makundi utakayoyabuni ni vifundo vya kati.

Matatizo yako matatu hayalingani uzito. Karatasi kutotosha ni suala la vipimo, linaisha kwa hesabu ya dakika mbili. Shoka ni suala la fikra, na mistari inayovukana mara nyingi ni dalili ya suala hilohilo. Kwa hiyo weka rula pembeni kwanza.

Mstari unasema nini?

Chukua karatasi tupu uandike, kwa maneno kamili, sentensi ambayo kila mstari wa mchoro wako utakuwa unaisema. Mistari ya miti mingi husema mojawapo ya sentensi tatu. Ya kwanza ni "ni aina ya": msumeno ni aina ya kifaa cha kukatia. Ya pili ni "ni sehemu ya": mpini ni sehemu ya msumeno. Ya tatu ni "yuko chini ya": karani yuko chini ya mhasibu mkuu, lakini si aina ya mhasibu mkuu wala si sehemu ya mwili wake. Kwenye karatasi mistari hii mitatu inafanana kabisa, na hapo ndipo miti mingi inapoharibika bila mchoraji kujua.

Tazama kosa lilivyo kwa karibu. Una kundi la "vifaa vya kubebea", chini yake umeweka toroli na ndoo. Kisha, kwa kuwa nafasi ipo na unapenda ukamilifu, chini ya toroli unaweka gurudumu, mikono na beseni. Mchoro unapendeza. Sasa usome kutoka chini kwenda juu kwa neno "kila": kila toroli ni kifaa cha kubebea. Kweli. Kila gurudumu ni toroli. Uongo. Mstari wa juu ulisema "ni aina ya", wa chini ukasema "ni sehemu ya", na mgeni hana njia ya kujua ulibadilisha lugha katikati.

Madhara yake si ya nadharia. Faida kubwa ya mti wa aina ni kwamba sifa hushuka: msumeno wa chuma ni msumeno, msumeno ni kifaa cha kukatia, basi msumeno wa chuma ni kifaa cha kukatia, na kanuni yoyote ya usalama uliyoiandika kwenye "vya kukatia" inaushika bila kuiandika tena. Mnyororo huo hukatika pale pale unapochanganya mistari. Ukihitaji kuonyesha sehemu za toroli, chora mti wa pili, mzizi wake ukiwa toroli yenyewe, na kwenye mti wa kwanza andika tu "tazama mchoro wa pili".

Kwa nini nalisisitiza hili kabla ya shoka? Kwa sababu kila swali litakalofuata, kifaa hiki kikae wapi, kiwango hiki kinahitajika au la, linajibiwa kwa kusoma ile sentensi kwa sauti. Bila sentensi unabaki kukisia.

Mfano wa sarufi, maana mwenzako ameutaja

Mchoro matawi wa sentensi ni mti wa "ni sehemu ya", na ndio mfano bora zaidi wa kuona mstari mmoja unavyobadili maana. Ile sentensi ya kawaida ya darasani, "Mtoto mdogo anasoma kitabu kipya", ina mzizi S (yaani sentensi). Chini yake kuna kikundi nomino (KN) na kikundi tenzi (KT). KN inagawanyika kuwa nomino "mtoto" na kivumishi "mdogo". KT inagawanyika kuwa kitenzi "anasoma" na KN nyingine, yenye "kitabu" na "kipya". Hakuna utata.

Sasa chukua hii: "Nilimwona mwalimu wa mtoto aliyeanguka." Nani alianguka? Maneno hayasemi. Kwenye mti, "aliyeanguka" linaweza kuning'inia kwenye kikundi cha "mwalimu", na aliyeanguka akawa mwalimu. Au linaweza kuning'inia ndani zaidi, kwenye kikundi cha "mtoto", na aliyeanguka akawa mtoto. Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule, mstari mmoja tu umehama mzazi. Weka mtoto katika wingi na lugha yenyewe inakuchagulia mti: "mwalimu wa watoto aliyeanguka" ni mwalimu, "mwalimu wa watoto walioanguka" ni watoto. Upatanisho wa kisarufi umefanya kazi ya mstari.

Mwenye kuelewa mfano huo ameelewa mchoro wa mti unafanya kazi gani. Orodha ya maneno ingekuwa na taarifa zote isipokuwa ile moja uliyoihitaji, yaani nini kiko chini ya nini.

Sasa shoka

Kifaa kutaka sehemu mbili ni dalili moja yenye magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi lingine.

Ugonjwa wa kwanza ni vigezo viwili kwenye ngazi moja. Kama ndugu wa ngazi ya kwanza ulikuwa umewaandika hivi: vya kukatia, vya kugongea, vya seremala, vya umeme, basi umeuliza maswali mawili kwa wakati mmoja: kifaa kinafanya nini, na kinatumiwa na fundi yupi. Msumeno lazima utake sehemu mbili, kwa kuwa unakata na pia ni wa seremala. Kila kifaa kitataka sehemu mbili. Shoka ni la kwanza tu kulalamika. Dawa yake ni kuchagua swali moja na kulifuta lingine kwenye ngazi hiyo. Kwa mgeni ambaye hajui mafundi wenu, swali la kazi ndilo jepesi: hata asiyejua jina la kifaa anaweza kuona kwamba kinakata.

Swali linaweza kubadilika ukishuka ngazi, hata likatofautiana kati ya tawi na tawi. Vya kukatia unaweza kuvigawa kwa kinachokatwa, mbao au chuma. Vya kupimia kwa kinachopimwa, urefu, usawa au pembe. Hilo halina kosa. Kinachokatazwa ni ndugu wa mzazi mmoja kujibu maswali mawili. Andika swali kwa herufi ndogo pembeni ya kila mgawanyiko. Likikushinda kuliandika kwa maneno manne au matano, mgawanyiko huo una walakini.

Ugonjwa wa pili ni kifaa chenye kazi mbili za kweli. Swali ni moja, kazi, lakini shoka linakata kwa makali na kugonga kwa kisogo. Nyundo yenye ulimi inagonga misumari na kuing'oa. Hapa unahitaji kanuni ya uamuzi, na iandikwe ili anayekuja baada yako aamue kama ulivyoamua. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: kifaa kikae pale ambapo kikiharibika upande huo, watu husema kimeharibika. Shoka likiwa butu hupelekwa kunolewa, ingawa kisogo chake bado kinagonga vizuri. Basi ni la kukatia. Nyundo ikivunjika ulimi bado inaitwa nyundo na inaendelea na kazi. Basi ni ya kugongea. Koleo likiwa na makali ya kukatia waya karibu na mpini, lakini taya zake zimelegea hazishiki, halimfai mtu. Ni la kushikia.

Ukimaliza kwa kanuni hiyo, mti wako unaweza kuanza hivi (nimeweka majani machache tu):

Vifaa vya karakana *(kinafanya nini?)*
— Vya kupimia: futi kamba, pimamaji, kipimapembe
— Vya kukatia *(kinakata nini?)*
—— mbao: msumeno wa mbao, shoka, patasi
—— chuma: msumeno wa chuma, tindo
— Vya kulainishia: randa, tupa
— Vya kutobolea: keekee
— Vya kugongea: nyundo ya chuma, nyundo ya mbao
— Vya kukazia na kulegezea: spana, bisibisi
— Vya kushikia: koleo, jiriwa
— Vya kubebea: toroli, ndoo

Hicho tayari ni mti. Orodha yenye ngazi za ndani ni mchoro wa mti uliovuliwa mistari, na kama karatasi yako ni ya kubandikwa ukutani tu, huenda usihitaji zaidi ya hapo. Mistari inaongeza thamani pale msomaji anapotaka kuona umbo zima kwa mtazamo mmoja: tawi lipi ni zito, lipi lina jani moja.

Tawi la jani moja, kama "vya kutobolea" hapo juu, lichunguze. Mara nyingi lina maana moja kati ya tatu: umesahau vifaa vingine, ngazi hiyo haina kazi na jani lingeweza kupanda juu, au kifaa ni cha kipekee kweli. Upande wa pili, mzazi akiwa na watoto zaidi ya saba au wanane, jicho linaanza kuhesabu badala ya kuona. Tafuta kigezo cha kuwagawa kama kipo, lakini usibuni kigezo cha uongo ili tu kupunguza idadi. Mzizi hapo juu una watoto wanane na ninauacha hivyo. Kundi la "vinginevyo" liruhusu libebe vifaa viwili au vitatu. Likivuka hapo, swali la ngazi ile halikuwa zuri.

Vipo vifaa ambavyo hata kanuni haitavimaliza. Kwa hivyo, chora mstari mzima kwenda kwa mzazi aliyechaguliwa na mstari wa vitone kwenda kwa wa pili, ukieleza vitone vina maana gani kwenye kona ya karatasi. Njia nyingine ni kurudia jani sehemu mbili na kuweka nyota kwenye nakala. Mimi napendelea nakala yenye nyota, kwa sababu mstari wa vitone huvuka mingine na kuvuta jicho kuliko unavyostahili. Ila kumbuka nakala hazihesabiwi kama vifaa. Zikifika nakala tano kati ya vifaa 43, acha. Hapo vigezo vyako viwili vina nguvu sawa na umbo linalofaa ni jedwali: safu mlalo kwa kazi, safu wima kwa fundi, kila kifaa kwenye kisanduku chake. Kulazimisha mti hapo ni kumnyima msomaji nusu ya ukweli.

Ukoo ndio unaoonyesha mpaka huo waziwazi. Kila mtu ana wazazi wawili, kwa hiyo ukichora watu wote na wazazi wao wote huna mti kwa maana kamili, una wavu. Tunauita mti kwa sababu kwa kawaida tunafuata upande mmoja tu, au tunaanza na mtu mmoja na kupanda kwa mababu zake: 2, 4, 8, 16, hadi nafasi 1,024 katika kizazi cha 10. Binamu wakioana, babu yuleyule anajaza nafasi mbili, na matawi mawili yanakutana tena. Mchoro wa ukoo unafaa, lakini mwenzako asiutumie kama kipimo cha mti halali.

Karatasi kutotosha

Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiilaza na kuacha ukingo wa milimita 15 kila upande, unabaki na upana wa milimita 267. Gawa kwa majani 43: kila jani linapata milimita 6.2. Maneno "msumeno wa chuma" kwa herufi za pointi 10 yanakaribia milimita 30. Haitoshi hata robo. Ndiyo maana watu huanza kuandika majani kwa wima na msomaji akalazimika kupinda shingo.

Sasa simamisha karatasi na uulaze mti: mzizi kushoto, majani kulia, moja chini ya lingine. Urefu unaobaki ni uleule, milimita 267, na kila jani linapata milimita 6.2 zilezile. Lakini mstari wa maandishi ya pointi 10 una kimo cha kama milimita 3.5 tu. Unatosha na nafasi inabaki. Maandishi yetu ni mapana na mafupi kwa kimo, kwa hiyo majani mengi yapangwe kushuka, si kuenda kando. Mti wa mzizi juu uuhifadhi kwa majani yasiyozidi 8 au 9, au kwa sentensi, ambapo mpangilio wa maneno lazima usomeke kushoto kwenda kulia.

Upana wa karatasi iliyosimama, milimita 180 baada ya ukingo, ugawe kwa ngazi. Ngazi nne zinakupa safu za milimita 45: milimita 30 za maandishi na 15 za mistari. Kila ngazi ibaki kwenye safu yake. Kishawishi kipo cha kuvuta majani yote hadi safu ya mwisho ili yapangane. Ukifanya hivyo nyundo, iliyo ngazi ya tatu, itaonekana iko ngazi moja na msumeno wa chuma, ulio wa nne. Kwenye mchoro wa sentensi tunayavuta maneno chini kwa makusudi. Kwenye mti wa vifaa usifanye.

Na chora kutoka majani kwenda mzizi, kinyume cha mazoea. Anayeanza na mzizi anakisia kila tawi litahitaji nafasi kiasi gani, na hapo ndipo tawi la vya kukatia linapoligonga la vya kugongea. Andika kwanza majani yote 43 kwa umbali sawa, watoto wa mzazi mmoja wakifuatana bila mgeni katikati. Kisha kila mzazi mweke katikati ya mtoto wake wa kwanza na wa mwisho: watoto wakiwa kwenye mistari ya 5 hadi 12, mzazi akae kwenye kimo cha 8.5. Endelea hivyo safu kwa safu hadi mzizi. Programu za kuchora miti hufuata wazo hilohilo. Utaratibu uliochapishwa na Edward Reingold na John Tilford mwaka 1981 huunda matawi kutoka chini, kisha huyasogeza yakaribiane hadi karibu yagusane.

Ukifuata hatua hiyo, mistari haiwezi kuvukana. Si bahati: mti wowote, uwe mkubwa kiasi gani, unaweza kuchorwa bila mistari kuvukana. Kwa hiyo ukiona makutano, kuna mambo mawili tu. Aidha umewachanganya watoto wa wazazi tofauti kwenye mpangilio wa majani, au kuna kifaa chenye wazazi wawili kimejificha. Usikiruke kwa kuchora kidaraja, kitafute.

Kama unatumia kompyuta

Usianze na programu ya kuchora visanduku. Anza na jedwali la safu mbili, kifundo na mzazi wake, mstari mmoja kwa kila kifundo. Umbo hilo lenyewe linakulinda: kila kifundo kina nafasi ya mzazi mmoja tu, na nafasi tupu inakuonyesha yatima. Kupanga safu ya wazazi kwa alfabeti kunawaleta ndugu pamoja, na hapo kosa la tahajia linaonekana mara moja, "vya kukatia" na "vya kukata" vikiwa vimegeuka wazazi wawili.

Programu huria ya Graphviz inaweza kuchora mti wote kutokana na orodha kama hiyo, kila uhusiano ukiandikwa kwa mshale, "vya kukatia" -> "msumeno". Majina yenye nafasi yawekwe ndani ya alama za kunukuu, na amri ya kuulaza mti ni rankdir=LR. Angalizo moja: Graphviz huyachukua majina mawili yanayofanana kuwa kifundo kimoja. Ukiwa na kundi "vidogo" chini ya spana na lingine "vidogo" chini ya bisibisi, litatokea kundi moja lenye wazazi wawili, na mti mzima utajikunja. Kipe kila kifundo utambulisho wake, kama spana1 na bisi1, na jina la kusomwa na watu uliweke kwenye label.

Msomaji ataukoseaje mti uliochorwa sawa?

Hata mti usio na kosa husomwa vibaya kwa namna moja kubwa: mtu anadhani vilivyo karibu kwenye karatasi vina uhusiano wa karibu. Wanyama walao nyama, oda ya Carnivora, wanagawanyika matawi mawili, Feliformia na Caniformia. La kwanza lina paka, simba, nguchiro na fisi. La pili lina mbwa, dubu na sili. Ukichora tawi la kwanza fisi akaangukia mwisho, na la pili mbwa akaangukia mwanzo, fisi na mbwa watakaa bega kwa bega, na kwa kuwa wanafanana umbo, msomaji ataondoka na uhakika kwamba ni ndugu wa karibu. Si kweli. Panda kutoka kwa fisi na kutoka kwa mbwa hadi njia zao zikutane: zinakutana kwenye Carnivora yenyewe, juu kabisa. Panda kutoka kwa fisi na paka: zinakutana mapema, kwenye Feliformia. Ukaribu unapimwa kwa makutano, si kwa umbali wa majina.

Kutokana na hilo, mpangilio wa ndugu kwenye mti wa makundi ni huru. Unaweza kugeuza tawi zima kama kitu kinachoning'inia kwenye uzi na hakuna ukweli unaobadilika. Utumie uhuru huo kumsaidia msomaji: mtenganishe fisi na mbwa, na kwenye karakana panga ndugu kwa alfabeti au kwa wingi wa matumizi, kisha ushike utaratibu huohuo kwenye matawi yote. Ukianza kwa alfabeti tawi moja na kwa ukubwa tawi lingine, msomaji atatafuta maana ambayo hukuiweka. Hali ni hiyohiyo kwa urefu wa mistari: fanya mistari ya ngazi moja iwe na urefu sawa. Kwenye baadhi ya miti ya biolojia urefu huonyesha muda au kiasi cha mabadiliko, na aliyewahi kuiona ataanza kukisia kwa nini mstari wa randa ni mrefu kuliko wa nyundo.

Kuukagua

Hesabu vifundo vyote, kisha hesabu mistari. Mti ulioungana una mistari pungufu ya vifundo kwa moja kamili. Vifaa 43, makundi makuu 8, makundi madogo 10 na mzizi mmoja ni vifundo 62, basi mistari iwe 61. Ikiwa 62, kuna kifaa chenye wazazi wawili. Ikiwa 60, kuna yatima. Lakini makosa mawili yanaweza kufichana, yatima mmoja na mwenye wazazi wawili mmoja, na hesabu ikatoka 61 safi. Kwa hiyo pitisha kidole pia: kila kifundo, ukiacha mzizi, kiwe na mstari mmoja tu unaoelekea upande wa mzizi. Mistari ya vitone na nakala zenye nyota hazimo kwenye hesabu hii.

Kisha soma matawi matatu au manne kwa sauti kutoka jani hadi mzizi ukitumia ile sentensi yako, na mwisho mpe karatasi mtu asiyeijua karakana. Mwambie akuonyeshe jiriwa ni ya kundi gani, akutajie vifaa vyote vya kukatia chuma, na akuambie kama tupa iko karibu zaidi na randa au na patasi. Akikosea la kwanza, majina ya makundi hayaeleweki. Akikosea la pili, mistari au safu zinamchanganya. Akikosea la tatu, anasoma kwa umbali wa majina. Ongeza nafasi tupu ya mstari mmoja kati ya kundi kuu na kundi kuu. Majani 43 pamoja na nafasi saba za kutenganisha ni mistari 50, yaani milimita 5.3 kila mmoja, na pointi 10 bado zinaenea.